Barua ya Bwana Shamba: Gongo ya Machimboni na Ugonjwa wa Akili



Mwezi huu sitaanza na pamba wala mtama. Nitaanza na shamba ambalo halikulimwa.

Kila mwaka kabla ya mvua kubwa napita vijijini kuandika mashamba. Naandika nani amelima na nani bado. Siku hizi nakuta mashamba mengi yamejaa majani, na mwenye shamba hayupo. Jirani hunijibu, "Yuko machimboni." Nikiuliza mkewe yuko wapi, jibu ni hilo hilo. Miaka inapita. Siku moja jirani yule yule ananiambia, "Mama amerudi, lakini akili haiko sawa."

Baadhi ya wasomaji wananiuliza, "Bwana Shamba, mambo ya malaya na wavuta bangi yanakuhusu nini wewe?" Yananihusu. Shamba hulimwa na mtu. Mtu akiharibika, mbegu bora na mbolea hazina kazi.

Mtu mmoja, majina matatu

Kijijini kwetu tuna majina. Huyu tunamwita malaya. Yule tunamwita mlevi. Yule mwingine tunamwita kichaa. Tunawaona kama watu wa aina tatu, na kila mmoja tunamtenga kwa namna yake.

Kwa muda niliofanya kazi katika mkoa huu nimeona kwamba mara nyingi huyo ni mtu mmoja. Mwaka wa kwanza alikuwa mama mwenye njaa na watoto. Mwaka wa pili akauza mwili. Mwaka wa tatu akawa hawezi kulala bila gongo. Mwaka wa nne akawa anasema peke yake njiani. Sisi tulimwona katika mwaka ule wa nne tu, tukasema amerogwa.

Nitaeleza jinsi mambo haya yanavyofuatana. Lakini kwanza tutazame machimbo yenyewe.

Machimbo yetu

Mkoa wa Shinyanga umejua machimbo kwa muda mrefu. Mwaka 1940 Dakta John Williamson kutoka Kanada aligundua almasi Mwadui. Wazee wanakumbuka mji ule ulivyokuwa na ua, hospitali na shule yake. Baadaye ikaja dhahabu. Bulyanhulu, katika Kahama ya zamani, walijaa wachimbaji wadogo kwa maelfu. Mwaka 1996 waliondolewa, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza kazi pale. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza mwaka 2000. Buzwagi ulianza mwaka 2009, na kazi yake ilikwisha mwaka 2021.

Migodi mikubwa ina mishahara, uzio na daktari. Ninayotaka kuyasema zaidi ni machimbo madogo, kama ya Mwime, Nyangalata, Nyarugusu na Rwamagasa. Machimbo hayo huja kwa rashi. Leo mtu amepata jiwe zuri, kesho wako watu elfu moja wenye maturubai. Baada ya wiki mbili kuna duka, kuna baa, kuna video, kuna nyumba ya wageni ya mabati. Choo hakuna. Maji ni ya kununua. Zahanati iko mbali. Jiwe likikatika, wote wanahama kwenda kwenye rashi nyingine.

Pesa ya machimboni haiji kila mwezi kama mshahara, wala kila msimu kama ya pamba. Mchimbaji anaweza kukaa miezi mitatu bila senti. Anakula kwa mkopo. Siku duara likitoa, anashika pesa nyingi kwa usiku mmoja. Usiku huo anataka kusahau ile miezi mitatu. Ndiyo maana baa za machimboni hazifungwi.

Tusifikiri kwamba mchimbaji hana hofu. Anashuka kwa kamba ndani ya shimo ambalo miti yake imeoza. Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai Nyangalata, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilishangaa. Lakini kila siku wapo wanaoshuka mashimo kama lile, na wengi wanavuta bangi kwanza ili woga uondoke. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya mama wa machimboni, mkumbuke kwamba hata huyo mwanaume anayemlipa mara nyingi ni mtu anayekimbia kitu moyoni.

"Kunywa, hutasikia"

Katika kata moja ninayoihudumia yupo mama ambaye nitaeleza habari zake. Amenipa ruhusa, lakini jina lake na kijiji chake sitavitaja.

Aliolewa akiwa na miaka 15. Jambo hili si geni kwetu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga iliongoza mikoa yote. Kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Mama huyu hakumaliza shule. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima.

Mwaka mmoja pamba ilishindwa kwa ukame. Mumewe akaenda machimboni. Alituma pesa mara mbili, kisha akanyamaza. Baada ya mwaka mama alimwacha mtoto mkubwa kwa bibi yake, akambeba mdogo, akaenda kumtafuta. Alimkuta ana mke mwingine. Nauli ya kurudi hakuwa nayo. Na tuseme kweli, hata aibu ya kurudi ilimzuia.

Akaanza kupika. Aliuza ugali na maharage kwa wachimbaji wa duara moja, kwa mkopo. Wakamwambia, "Mama, jiwe likitoa tutakulipa." Jiwe halikutoa. Wachimbaji wakahama usiku. Yeye akabaki na deni la unga kwa mwenye duka. Mwenye duka akamwambia kwamba deni linaweza kulipwa kwa njia nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakukuwa na muziki wala nguo fupi. Kulikuwa na deni la unga.

Mara ya kwanza alitapika. Mwanamke mwenzake, mwenye kumwonea huruma kabisa, alimletea gongo katika glasi. Akamwambia, "Kunywa, hutasikia."

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili yanaeleza jambo hili kuliko vitabu vingi. Alikunywa ili asisikie. Asisikie harufu ya mtu, asisikie maumivu, asisikie aibu. Gongo ilifanya kazi hiyo kwa wiki chache. Kisha glasi moja haikutosha, zikawa mbili. Kisha akawa hawezi kulala mchana kwa sababu ya gongo ya usiku, akaanza kuvuta bangi ili alale. Kisha pesa yote aliyoipata ilikwenda kununua gongo na bangi. Sasa aliuza mwili ili anywe, na akanywa ili auze mwili. Pale hakuna mlango wa kutokea.

Wenzetu wa pwani wana shida inayofanana na hii, lakini mara nyingi huanzia upande wa pili. Dar es Salaam na Zanzibar wako vijana, wanaume na wanawake, wanaotumia heroini. Dawa ile ikimkamata mwanamke, huuza mwili ili apate pesa ya kununua kete. Kule dawa hutangulia, mwili hufuata. Huku kwetu, nionavyo mimi, mara nyingi deni hutangulia, mwili hufuata, na gongo huja mwishoni. Kule serikali ilianzisha tiba ya methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na watu wengi wamesaidika nayo. Lakini methadoni ni ya watu wa heroini na dawa za jamii yake. Haiponyi gongo wala bangi. Huku tunahitaji njia nyingine.

Kama kiduha

Wakulima wa mtama mnakijua kiduha. Ukiona ua lake zuri la rangi ya zambarau, unasema kiduha kimeingia shambani. Sivyo. Kiliingia zamani. Kilishika mzizi wa mtama chini ya udongo, kikanyonya wiki nyingi, na mtama ukadumaa kabla hujaona kitu chochote juu. Ukikata ua peke yake hukuponya shamba. Na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi.

Wazimu wa mama huyu ulikuwa ua la kiduha. Sisi tuliona ua.

Alirudi nyumbani baada ya miaka minne. Alikuja usiku, na mtoto hakuwa naye. Mtoto alikuwa amekufa kwa kuhara huko huko machimboni. Siku ya pili alianza kutetemeka na kutoka jasho. Siku ya tatu alipiga kelele kwamba wadudu wanatambaa ukutani. Hakukuwa na wadudu. Watu wakasema ni majini ya dhahabu. Wengine wakasema mke mwenza amemtupia kitu. Kaka yake akamfunga kamba jikoni. Walinzi wa sungusungu wakaja na mashauri yao, wakitaka afukuzwe kijijini kwa uhuni.

Mimi ninawaheshimu sungusungu. Walianza huku kwetu, Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wizi wa ng'ombe ulipungua. Lakini upinde na mshale havitibu homa, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama homa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu mwenye busara. Alisema, "Ng'ombe akianguka tunamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huyu ni mtoto wetu." Wakamweka kwenye mkokoteni, wakampeleka kituo cha afya. Kutoka hapo akapelekwa hospitali ya wilaya.

Hospitali waliona nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapokosea. Nimewauliza waganga na wauguzi, na haya ndiyo waliyonieleza.

Kwanza, kutetemeka na kuona wadudu kulitokana na kuacha gongo ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukiikosa, hushtuka. Hutokea siku ya kwanza hadi ya tatu au ya nne. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huona vitu visivyokuwapo, na huweza kupata degedege. Anaweza kufa. Kwa hiyo msimfungie mlevi mkubwa ndani mkisema, "Aache leo leo." Mpelekeni kwa mganga, apewe dawa ya kumtuliza na vitamini, apunguziwe akiwa anaangaliwa. Walevi wengi pia hawali, na ubongo wenye njaa huharibika.

Pili, bangi. Wako wanaosema bangi ni jani tu kama mchicha. Bangi huweza kumfanya mtu asikie sauti na aogope watu, hasa akianza kuvuta akiwa kijana mdogo, na hasa kama katika ukoo wao ugonjwa wa akili upo. Si kila mvutaji hupata. Lakini hakuna ajuaye mapema ni nani atakayepata.

Tatu, kaswende. Mama huyu alipimwa damu, akaonekana nayo. Kaswende isipotibiwa hukaa mwilini kimya, na baada ya miaka inaweza kuingia katika ubongo na kuleta wazimu. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini huiponya. Hili nalisisitiza, kwa sababu nasikia watu wakipoteza mbuzi watatu kwa mganga wa kienyeji juu ya ugonjwa ambao sindano ingeuondoa. Virusi vya UKIMWI navyo visipotibiwa huweza kufika kichwani. Mama alipimwa hivyo pia. Majibu ni yake mwenyewe, sitayaandika.

Nne, majeraha ya moyo. Alipigwa mara nyingi. Aliwahi kubakwa na watu wawili, akaambiwa kwamba mwanamke kama yeye hawezi kubakwa. Alizika mtoto mahali asipokuwa na ndugu. Mtu aliyepita katika mambo hayo hushtuka usiku, huota yale yale, huogopa sauti za wanaume, au hukaa siku nzima akitazama chini. Hospitali huita hali hiyo ya pili sonona. Sonona si uvivu. Mama aliyepatwa nayo hawezi kushika jembe kama vile mwenye malaria hawezi.

Jambo la tano mama huyu hakuwa nalo, lakini wengine wa machimboni wanalo. Ni zebaki. Wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga ili ishike dhahabu. Kisha huichoma motoni, mara nyingine jikoni, katika chombo kile kile cha kupikia. Moshi wake hauonekani sana, lakini huingia katika ubongo. Mtu hutetemeka mikono, husahau, hukasirika haraka, hukosa usingizi. Watu husema ni gongo, kumbe wengine hawanywi kabisa. Mwaka 2003 wataalamu walipima watu wa Rwamagasa huko Geita, wakakuta wachomaji wa zebaki walioathirika. Huko Japani, katika mji wa Minamata, watu wengi waliharibika kwa zebaki iliyotupwa baharini na kiwanda. Ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mkataba wenye jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini mkataba hauko jikoni kwako. Wewe ndiye uliye jikoni. Zebaki isichomwe ndani, wala karibu na mama mjamzito na watoto.

Kwa hiyo mtu mmoja "aliyerogwa" anaweza kuwa na mambo matatu au manne kwa pamoja. Kila jambo lina dawa yake, na dawa hizo huenda pamoja. Ukitibu kaswende ukaacha gongo, atarudi kule. Ukimwachisha gongo ukaacha deni na njaa, atarudi pia.

Dawa moja haitoshi. Hili limewahi kuonekana hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2004 watafiti walifanya kazi na wanawake wahudumu wa baa, mikahawa na nyumba za wageni katika miji na machimbo ya kanda yetu, pamoja na Geita, Kahama na Shinyanga. Waliwapa baadhi yao vidonge vya ugonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri, wakitumaini kwamba virusi vya UKIMWI vitapungua. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Vidonge vile havikupunguza maambukizi. Lakini walijifunza mengine. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake waliokunywa pombe nyingi sana na kwa wale waliolipwa kwa ngono. Mimi sikushangaa. Mtu aliyekunywa ili asisikie hawezi kudai kondomu. Hawezi hata kukumbuka ni nani alikuja.

Jina la mwanaume

Nina swali kwa akina baba. Mwanamke anayepokea pesa tunamwita malaya. Mwanaume anayetoa pesa tunamwitaje? Kwa lugha yetu hatuna jina lake. Anarudi nyumbani Sabasaba na kanga ya mkewe, tunamkaribisha. Ugonjwa wa zinaa analeta yeye. Mtaji wa mbegu ameuacha yeye baa.

Na hili mlijue kwa usalama wenu. Binti wa chini ya miaka 18 anayekutwa katika baa za machimboni si mwanamke wa kununuliwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema huko ni kubaka, hata kama alikubali na hata kama alilipwa. Kifungo chake hakipungui miaka 30. Ukimwona mtoto kama huyo, piga simu 116, ambayo ni ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliyebakwa, awe mtoto, awe mke wa mtu, awe mhudumu wa baa, afike hospitali upesi, kabla saa 72 hazijapita. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na baada ya saa hizo hazifai tena.

Juu ya wauza bangi na dawa nyingine, simu ya mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ni 119. Lakini nawaomba mtofautishe muuzaji na mgonjwa. Muuzaji ni wa polisi. Mgonjwa ni wa zahanati.

Sheria peke yake haimalizi jambo. Mnakumbuka viroba. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya mifuko ya plastiki. Ilikuwa hatua nzuri, maana hata mtoto wa shule aliweza kununua. Lakini gongo imekatazwa kwa sheria miaka mingi, na bado inapikwa porini. Anayeipika naye mara nyingi ni mama mwenye deni.

Funga dawa ya pamba

Hili ni la kazi yangu kabisa, nami nalisema kila ninapokutana na wakulima.

Mtu mwenye sonona, au aliyeacha pombe karibuni, anaweza kutamani kufa. Akisema, "Heri nisingezaliwa," au akianza kugawa vitu vyake, msimcheke. Msimwache peke yake. Muulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Kisha mpelekeni kwa mganga.

Na dawa ya kuua wadudu wa pamba iko wapi nyumbani kwako? Katika nyumba nyingi ninazoingia iko chini ya kitanda, au imetundikwa kwenye paa karibu na mbegu. Watu wengi vijijini duniani hufa kwa kunywa dawa hizo saa ya huzuni, saa ambayo ingepita. Nchi ya Sri Lanka ilipiga marufuku dawa zile kali zaidi katika miaka ya 1990, na baada ya miaka kumi idadi ya watu waliojiua ilikuwa imepungua karibu nusu. Nunua dawa ya kutosha msimu mmoja tu. Ifungie katika sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba ya kulala. Ufunguo akae nao mtu mzima mmoja. Chama cha msingi kinaweza kuwa na stoo moja ya wote, nami niko tayari kusaidia kuipanga.

Mama yule sasa

Wasomaji watataka kujua mwisho wake. Hakuna mwisho bado.

Alitoka hospitali akiwa na dawa za kunywa kila siku. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, wako madaktari wa magonjwa ya akili, na kwa wagonjwa wazito iko Mirembe, Dodoma. Yeye hakuhitaji kufika huko. Alitibiwa wilayani, kisha kila mwezi akachukua dawa kituo cha afya. Dawa hizi ni kama za shinikizo la damu. Mtu huanza kujisikia nafuu, akaziacha, ugonjwa ukarudi. Naye aliziacha. Baada ya miezi saba alirudi machimboni kwa wiki tatu. Kijiji kikasema, "Tulijua." Kaka yake, yule aliyemfunga kamba, alikwenda kumchukua kwa baiskeli. Hakumpiga. Alimwambia, "Mayo anakuulizia." Alirudi naye.

Ukitaka kumsaidia mtu wa namna hii, ujue kwamba kuanguka tena ni sehemu ya safari. Hata shamba lenye kiduha hulisafishi kwa msimu mmoja.

Jambo lililomshika, nionavyo, lilikuwa nusu ekari. Mama yake alimpa kipande cha mbuga, udongo mweusi, ambako walivuna mpunga. Mwishoni mwa mvua, ardhi ikiwa bado na unyevu, alipanda dengu. Dengu hazihitaji mvua nyingi baada ya kuota, na walanguzi huzifuata hapa hapa kijijini. Alivuna magunia mawili na debe moja. Pesa ilikuwa yake, haikuwa ya mume wala ya mwenye duka. Kikundi cha hisa cha akina mama kilimkataa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kilimpokea, baada ya mabishano makubwa ambayo mimi mwenyewe niliyasikia hadi jioni.

Binti yake mkubwa ana miaka 16. Alipata mimba akiwa kidato cha pili, akajifungua. Bibi alitaka aolewe. Mama akakataa, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, kwa sababu tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Binti anasoma. Mjukuu analelewa na huyu tuliyekuwa tunamwita kichaa.

Bado kuna usiku anaoamka akipiga kelele. Jirani sasa wanajua. Mmoja huenda kukaa naye mpaka kupambazuke.

Kabla hamjauza pamba

Soko la pamba likifunguliwa, mume na mke wakae pamoja kabla ya mzani. Waandike pesa ya chakula hadi mavuno mengine, pesa ya mbegu, pesa ya shule. Tunajua kuandika sasa, tuitumie kazi hiyo. Atakayebaki na hamu ya kwenda machimboni aache chakula ndani na aseme atatuma nini na lini. Panda mtama pamoja na mahindi, maana ukame wa huku kwetu hauna taarifa. Mama mwenye chakula ghalani hana sababu ya kufuata rashi akiwa na mtoto mgongoni.

Wanaotaka mbegu za dengu wajiandikishe kwa mtendaji wa kijiji au kwangu, mapema, kabla mpunga haujavunwa. Kama nyumbani kwenu yuko aliyerudi kutoka machimboni, mwandikeni naye. Mwezi ujao tutazungumza juu ya funza wa dengu na namna ya kumzuia.